Namba Iliyobaki Tumboni

Kwenye kivuko cha Likoni, watu wakikanyagana, bakuli la Mwanatatu liliteleza na mahamri yakaviangukia viatu vya Ishaka, vilivyong'arishwa vikang'ara.

"Viatu vyangu vina njaa," Ishaka akacheka.

"Basi viyale vyenyewe. Wewe usiguse!"

Miezi minne baadaye walipendana kwa siri. Mzee Faki, babake Mwanatatu, kuli wa ghala moja Changamwe, alishamkataa Ishaka, kijana wa mashine ya kusoma kadi zilizotobolewa katika ofisi ya ghala hilo hilo.

Siku moja Mwanatatu alimpelekea babake chakula. Ishaka akamwita dirishani.

"Mwanatatu!"

"Abee."

"Ingia uone. Kadi imeandikwa 'mtu' tu. Mashine haijui mtu gani mpaka inapoisoma. Namba itakayoikuta tumboni mwake wakati huo, ndiyo mtu."

"Wacha uongo."

Akatia 417, namba ya Mzee Faki, na kadi ya majaribio. Karatasi ikatoka: 417 ASALIMIWE.

Mwanatatu akacheka, akamvuta mkono. "Nisindikize, chakula kinapoa."

"Ngoja niifute namba."

"Utafuta baadaye, roho yangu."

Wakiwa nje, karani mkuu akaja na kadi za kuachisha watu kazi, akaziingiza mwenyewe. Ya kwanza alisahau kuitoboa namba. Mashine ikasoma "mtu", ikatazama tumboni, ikamkuta 417.

Mzee Faki akarudi nyumbani Timbwani na karatasi mkononi. Miaka kumi na tisa ya kazi, mstari mmoja.

Asubuhi Mwanatatu alimngoja Ishaka kivukoni, buibui limembana, macho mekundu.

"Alikukataa, ukamlipiza."

"Wallahi kadi sikuitia mimi. Namba ilibaki. Sikuifuta."

"Kwa nini hukuifuta?"

Ishaka aliutazama mkono uliomvuta. Mwanatatu akauficha ndani ya buibui.

"Nakwenda kusema," akasema Ishaka.

"Watakufukuza."

"Nikinyamaza, nitakuposa kwa uso gani?"

Karani mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kadi aliyosahau mwenyewe kuitoboa hakuitaja.

"Futa 417. Tia namba yako. Kadi ile ile."

Ishaka akaitia kwa mkono wake. 638 AACHISHWE KAZI. Kabla hajatoka akaifuta namba, akahakikisha mara mbili.

Jumatatu Mzee Faki akarudi ghalani. Ijumaa Ishaka akaja nyumbani kwao Mwanatatu na mfuko wa safari. Alikuwa anakwenda Tanga kutafuta kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ukipata, rudi," akasema Mzee Faki, bila kumtazama. "Usipopata, usimweke binti yangu akikungoja."

Kivukoni kamba ya kiatu cha Ishaka ilifunguka. Akainama. Watu waliharakisha kuingia chomboni. Mwanatatu akasimama kando yake, mikono ameifumbata asimvute, akamngoja amalize.