Miiba ya Babu Demba

Kila mchana, kengele ya shule ikilia, Ndella Ndiaye alikuwa wa kwanza kutoka. Mbio zote zile zilikuwa za sinia la wali wa samaki nyumbani kwao katika mji wa Thiès, na hasa ule ukoko wa chini ya sufuria, ambao angeugombania hata na paka.

Jirani yao, mzee Demba Diop, alikula nao tangu mkewe alipofariki. Hakuwahi kuingia kimya.

"Walafi wa wali nyie, mmenibakizia?" aliuliza kila siku akiwa mlangoni.

Akina Diop na akina Ndiaye ni watani tangu zamani, kwa hiyo Ndella hakukosa jibu. "Babu, tukiwaona akina Diop, hata sinia tunalificha!" Na nyumba nzima ilicheka.

Wiki moja mama alisafiri kwenda Kaolack kumwuguza dada yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimchambua samaki katikati ya sinia na kumsogezea kila mtu kipande upande wake. Bibi yake Ndella, Arame, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, akasema, "Leo samaki utagawa wewe, Ndella."

Ndella akanuna. Anayegawa hula mwisho! Akamrarua samaki harakaharaka, akatupa vipande huku na kule, kisha akauvamia wali wake. Mara Babu Demba akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Modu, mdogo wake Ndella, akaangua kilio. Hatimaye mwiba ukatoka, mrefu kama kijiti cha kuchokolea meno.

"Pole, Babu," Ndella alinong'ona, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si kosa lako, mjukuu wangu. Ni macho yangu haya, hayaioni tena miiba."

Kesho yake mzee hakuja. Bibi alimtuma Ndella akamwite. Alimkuta ameketi kitandani peke yake, jiko lake limejaa majivu ya baridi.

"Nimeshakula," alisema. Hakutia neno la utani hata moja.

Ndella roho ikamuuma. Chakula gani, na jiko halijawashwa? Akaona kwamba kwa pupa yake, mzee wa watu angeshinda na njaa.

"Babu, miiba niachie mimi," alisema. "Nitakuchambulia polepole. Tena fanya haraka, maana sisi akina Ndiaye tukianza, utakuta tumelamba sinia!"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Walafi wakubwa nyie!" akasema, huku akipapasa viatu vyake chini ya kitanda.

Siku hiyo Ndella alimchambua samaki kwa ncha za vidole, akikibonyeza kila kipande kabla ya kumsogezea mtu. Alimpa Babu, akampa Bibi, akampondea Modu muhogo uliopikwa pamoja na wali. Alipomwona Babu anatafuna bila woga, amefumba macho kwa utamu, alijawa na furaha ambayo hata hakuitarajia.

"Mbona wewe hujagusa upande wako?" Bibi akauliza.

"Ala! Nimesahau!"

Babu Demba akauchukua ukoko wake, akauweka mbele ya Ndella. "Mimi meno ya ukoko sina. Alhamdulillahi! Asante sana, mjukuu wangu. Leo nimekula kama mtu mwenye watu wake."

Bibi Arame akatabasamu. "Sasa umejua kwa nini mama yako hula mwisho na bado huinuka akiimba. Kumtumikia mwenzako kunashibisha moyo, Ndella. Usingoje kuwa mkubwa au tajiri ndipo uwe na maana kwa watu. Angalia, wewe umeanza na mwiba."

Mama aliporudi, alinawa mikono na kumsogelea samaki kama kawaida yake. Ndella akamshika mkono.

"Mama, wewe kula. Samaki ni kazi yangu."

Hapo mlangoni ikasikika sauti: "Walafi wa wali nyie, mmenibakizia?"

"Njoo, Babu," Ndella alijibu. "Chako nimeshakitoa miiba."