Mama Agata Bado Anajibu

Jumanne asubuhi Ernestina alikuwa uani kwao Rumonge, akikata sabuni. Alivuta waya polepole, na kila alipomaliza kuvuta, mche mmoja ulianguka. Harufu ya mawese ilijaa ua mzima. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Agata, tangu walipokuwa wakimbizi Tanzania.

Mama Agata alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Jumamosi ndugu wote wangekuja kuganduka, yaani kumaliza kilio. Kabla ya siku hiyo, vitu vya marehemu haviguswi. Nguo zake, Biblia yake na simu yake vilikuwa ndani ya sanduku la bati. Ufunguo alikuwa nao Mjomba Leonsi, kaka wa marehemu, na Mjomba Leonsi si mtu wa kuombwa mara mbili.

"Hodi hapa!"

Aliyeingia ni Mwavita, mfanyabiashara wa Nyanza-Lac. Kwa miaka miwili alikuwa akinunua sabuni yao bila kufika Rumonge.

"Karibu, mama. Amahoro."

"Amahoro, mutoto wangu. Mama yako iko wapi? Pesa ya kutanguliza nilishatuma, nimengojea sabuni yangu mpaka nimechoka."

Ernestina aliweka waya chini. "Mama alitutoka, Mama Mwavita. Tangu mwezi wa tatu."

Mwavita alicheka. "Usinitanie. Mama yako aliniandikia juzi."

Akatoa simu. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa mtandao aliouzia sabuni Mama Agata, na picha yake, na kitenge chake cha buluu, anatabasamu. Chini ya picha palikuwa na maneno: "Amahoro, mwanangu. Nipo. Tuma avansi, sabuni itafika." Tarehe ilikuwa ya Jumapili.

Ernestina aliyatambua maneno hayo. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akimjibu kila mtu. Amahoro, mwanangu. Nipo.

Mwavita alimtazama usoni, akaacha kucheka. Akasimama taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge chake, ingawa mikono haikuwa na kitu.

"Basi mimi nimeongea na nani?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Maji aliyokaribishwa aliyaacha bila kuyagusa.

Rumonge habari haina breki. Mpaka saa sita mchana soko zima lilikuwa limesikia kwamba Agata bado anaandika. Wanawake waliopita mbele ya ua walipunguza sauti. Mmoja alihamia upande wa pili wa barabara, na huyo alikuwa rafiki wa marehemu. Jioni shangazi wawili wa Bugarama wakapiga simu kusema Jumamosi hawaji.

"Hatuwezi kuganduka mtu ambaye hajaondoka," walisema.

Hilo lilimuuma Ernestina kuliko yote. Mama yake aliyeishi miaka mingi bila kumdhuru mtu, sasa alikuwa kitu cha kuogopwa, na huenda asiagwe na ndugu zake.

Kesho yake asubuhi alikaa peke yake nyuma ya stoo. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Milima ya Kongo haikuonekana, ukungu ulikuwa umeimeza. Akafungua ukurasa ule wa mama yake. Aliandika: "Mama, upo?"

Akangoja. Kuku mmoja alipita. Kisha simu ikalia.

"Amahoro, mwanangu. Nipo. Unataka katoni ngapi?"

Simu ilimdondoka. Na tuseme ukweli, kabla hajaogopa, alifurahi. Kwa muda mfupi tu, lakini alifurahi, na baadaye alilia kwa sababu hiyo.

Aliokota simu, akaenda moja kwa moja kwa Raisa.

Raisa ana sekretaria karibu na soko. Anapiga chapa barua, anatoa fotokopi, na anawatengenezea wafanyabiashara kurasa za mtandao. Alisoma yale majibu mara mbili. Hakuonekana kuogopa, ila alikunja uso.

"Marehemu hauzi sabuni, Ernestina," alisema. "Hapa kuna mtu. Anwani ya ukurasa wa mama yako inaishia na nini?"

"Nukta duka. Aliona tangazo kwenye simu. Alisema ni jina zuri, na bei ilikuwa ya kutupwa."

"Aha. Alilipa lini?"

"Sijui. Mambo hayo alikuwa nayo mwenyewe, kwenye simu yake."

"Na simu iko wapi?"

Ernestina aliinamisha kichwa. "Kwenye sanduku. Mpaka tuganduke."

Raisa alifunga sekretaria yake, wakaenda pamoja kwa Mjomba Leonsi. Mzee aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kitu cha marehemu hakiguswi," alisema. "Jumamosi si mbali."

"Mjomba," Ernestina alisema, "mtu amekwisha kukigusa."

Akampa simu. Mzee alimwona dada yake akitabasamu, akasoma lile jibu la asubuhi. Aliingia ndani, akarudi na ufunguo.

Walifungua sanduku, wakaiweka simu ya marehemu kwenye umeme. Ilichukua muda kuwaka. Halafu ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulilia kama mtu anayebisha mlango. Hakuna aliyesogea mpaka mlio wa mwisho ulipokwisha.

Raisa alisoma kwa sauti. "Jina lako litakwisha baada ya siku thelathini. Jina lako litakwisha baada ya siku saba. Leo ni siku ya mwisho. Jina lako si lako tena."

"Jina lake si lake tena?" Mzee alikaa chini. "Nani kaandika hayo?"

"Kampuni iliyomuuzia, Mzee Leonsi. Jina la mtandao halinunuliwi mara moja kwa maisha yote. Ni kama fasi ya sokoni, unailipia kila mwaka. Usipolipa, mwingine anaichukua. Hawa matapeli waliliona limeachwa, wakalinunua. Ukurasa wa zamani wakauiga wote: picha, maneno, mpaka salamu zake."

"Kwa hiyo kosa ni letu," Ernestina alisema. "Tulifungia simu."

"Kidogo. Lakini tazama hii." Raisa alimwonyesha ujumbe mwingine. "Mwaka wa kwanza alilipa bei ya miche miwili ya sabuni. Mwaka uliofuata walitaka bei ya katoni nne. Hiyo mikia mipya ya majina, kama hiyo nukta duka, mingi iko hivyo. Mlangoni wanakuchekea, ukishaingia bei inapanda."

"Basi mikia mipya yote ni mibaya?"

"Hapana, mingine iko sawa. Mtu anaweza kukosa jina zuri kwenye mikia ya zamani, akalipata kwenye mpya. Lakini uulize kwanza. Mwaka wa pili bei gani? Nani anauendesha, na akifunga kazi itakuwaje? Wateja wangu wataukumbuka, au wataandika ule waliouzoea wapotee? Tena mkia wa bei ya kutupwa matapeli wanaupenda, kwa hiyo hata barua pepe zako za kweli zinaweza kutupwa pamoja na takataka."

Ernestina akakumbuka. Mama yake alilalamika mara nyingi kwamba wenye maduka wa Bujumbura hawajibu barua zake. Kumbe labda hawakuziona kabisa.

"Tunaweza kulirudisha jina?" mzee aliuliza.

"Jina lenyewe si rahisi. Lakini utapeli tunaweza kuushitaki."

Siku hiyo hiyo Raisa aliandikia kampuni iliyouza jina lile. Alituma cheti cha kifo, na yale majibu yenye tarehe. Mjomba Leonsi mwenyewe alikwenda polisi, na kwa kampuni ya simu kuripoti namba iliyopokea avansi. Kisha wakachagua jina jipya. Ernestina alitaka mkia wa nchi yao, nukta bi, ambao wateja wa hapa wanaujua. Safari hii aliuliza bei ya mwaka wa pili kabla ya ile ya kwanza. Walilipia miaka mitatu. Jina liliandikwa kwa watu wawili, Ernestina na mjomba wake, ili mmoja akiondoka mwingine apate habari. Anwani hiyo waliichonga kwenye muhuri wa mbao unaogongwa juu ya kila mche.

Alhamisi Ernestina alipiga simu Bugarama, halafu kwa wateja, mmoja mmoja. Kwa Mwavita alisema, "Uliyeongea naye ni mwizi, mama. Njoo Jumamosi uone."

Jumamosi watu walikuja. Shangazi wa Bugarama walikaa karibu na njia, tayari kuondoka. Mwavita alisimama nyuma yao. Mjomba Leonsi aliposhika glasi ili aseme maneno ya kumaliza kilio, watu wote walimtazama Ernestina.

Alifungua anwani ile ya zamani mbele yao. Kioo kilikuwa cheupe. Hapakuwa na kitenge cha buluu wala tabasamu.

"Muulize," Mwavita alinong'ona.

"Hakuna pa kuulizia, mama. Kampuni iliufunga ukurasa jana."

Shangazi mkubwa alisogea, akatazama kile kioo cheupe kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti chake karibu na wenzake, akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa na ndugu.

"Sasa tumeganduka," Mjomba Leonsi alisema, akanywa.

Jumatatu, Ernestina akiwa kwenye waya wake, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa kwanza kwenye anwani mpya, kutoka kwa mwenye duka wa Kabezi, aliyeiona juu ya mche wa sabuni: "Mama Agata, upo?"

Ernestina alifuta mikono. Akaandika: "Amahoro. Mama alifariki, tumekwisha kumuaga. Mimi ni Ernestina, binti yake. Nipo."