Wewe Gawa, Mimi Nachagua

Siku hiyo mtaa wa vitambaa ulifurika watu hadi pa kuweka mguu hapakuwapo. Wauzaji wanapiga makofi kuita wateja, wapagazi wanafoka "Pisha! Pisha!", na katikati ya vurugu hiyo alipita mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, jora zima la satini nyeupe begani. Muuzaji akamwita kwa nyuma, kasahau chenji yake. Mwanamke akageuka ghafla. Jora nalo likageuka, likampiga mwanamume mmoja kichwani, puu!

"Mama wee! Dada, huoni wa..." Mwanamume akamtambua, mkono kichwani.

"Ni wewe?" mwanamke akauliza.

"Ni mimi. Hata talaka huwezi kuisubiri, umeamua kuniua kabisa?"

Jamani, mji na ukubwa wake wote, maelfu ya vichwa mtaani, jora likachague cha mumewe!

Mwanamke huyo watu walimwita Riboni, maana hakuna sherehe aliyoipamba ikakosa riboni. Mumewe aliitwa Turubai tangu ujana wake, alipokuwa akikodisha turubai moja lenye matundu na kuapa kwa wateja kwamba mvua haitanyesha. Wawili hao walianza na turubai hilo na cherehani moja, wakaishia kuwa na stoo iliyojaa viti, meza, mahema na mapambo. Nusu ya maharusi wa mji ule walikaa kwenye viti vyao. Walifanikisha ndoa za watu, yao ikawashinda.

Na si kwamba Riboni alifumania. Afadhali angefumania, angejua wa kumvuta nywele. Alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, akipamba jukwaa la bibi harusi, simu ikalia. Mtu wa mikopo anauliza lini watalipia hema kubwa. Hema gani? Kumbe Turubai alikwenda kukopa peke yake, akanunua hema jeupe la kifahari, akalificha kwa rafiki yake akisubiri siku ya kumshtukiza mkewe. Ndivyo alivyokuwa: anaamua peke yake, halafu anakuletea uamuzi kama zawadi. Riboni alikuwa amezipokea zawadi za namna hiyo miaka yote ya ndoa. Hiyo ya hema ikamfika shingoni. Akafunga virago, akapanga vyumba viwili upande wa pili wa mji.

"Umependeza," Turubai akasema, bado anajisugua kichwa.

"Sikukuvalia wewe."

"Najua. Nimesema tu macho yasije yakaniuma."

Riboni akataka kucheka, akajizuia. Moyo wake ulikuwa ukimdunda kama msichana, na hilo lilimkasirisha. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, lakini yeye alikuwa ameapa kukimeza.

"Alhamisi kwa wakili usiwe na wasiwasi," Turubai akaendelea kwa sauti ya upole. "Nimeshagawa kila kitu. Utafurahi mwenyewe."

"Umegawa na nani?"

"Na... mimi mwenyewe."

"Basi ndiyo maana naondoka," Riboni akasema, akajitweka jora lake vizuri na kupotelea kwenye umati.

Wakili alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Kazi yake ilikuwa kuwasuluhisha wanandoa juu ya mali na madeni kabla karatasi hazijakwenda mahakamani, na alikuwa ameona mengi: watu wazima wakigombea pasi, mume na mke wakitaka kukata kapeti kwa mkasi. Akasoma mgawo wa Turubai, nyusi zikapanda.

"Mke anachukua vitambaa vyote vya kufunikia viti, nguo za meza, mapazia, maua na cherehani. Mume anachukua viti, meza, mahema na pikapu. Madeni yote analipa mume." Akavua miwani. "Mama, nimekaa kiti hiki muda mrefu. Mwanamume anayeomba madeni yote simuoni mara nyingi."

"Kutoa ni moyo," Turubai akasema, kifua mbele.

Riboni akaivuta karatasi, akaisoma mwenyewe kimya kimya. Alipomaliza, sauti ilimtoka taratibu, na waliomjua walijua hiyo ndiyo hatari.

"Niambie, baba. Kitambaa cha kiti bila kiti ni nini?"

"Ni... ni pambo."

"Ni tambara! Mteja akija kwangu nimwambie akae juu ya kitambaa? Nitakuja kwako kukodi viti. Nitakuja kwako kuomba pikapu. Kila harusi nitakayopata, mlango wake uko kwako. Huo si mgawo, hiyo ni kamba, na mwisho wake umeushika wewe."

"Mbona madeni nimeyabeba yote? Huoni huruma yangu?"

"Nani kakwambia madeni ni yako?" Sasa alisimama. "Mkopo wa viti na mahema ya kawaida tuliuchukua pamoja. Mimi nilishona mpaka vidole vikaota sugu ili tuulipe. Leo ukilipa wewe pekee, kesho utasema stoo nzima uliijenga wewe. Nataka nusu yangu ya mali na nusu yangu ya deni. Usininyang'anye deni langu!"

Feni ikaendelea kulalamika darini. Wakili alikuwa hajawahi kusikia mtu akipigania deni, akajifuta jasho.

"Na hema kubwa?" akauliza.

"Hilo na deni lake ni la kwake. Alilichukua kwa siri, sikulitia saini, sikulikodisha hata siku moja. Sitaki hata kamba yake."

"Hapo ana haki," wakili akamwambia Turubai. "Mlichokopa pamoja mkibebe pamoja. Ulichokopa mafichoni kibebe mwenyewe. Rudini nyumbani mkagawe upya, na safari hii muwe wawili."

Turubai akatoka ameinamisha kichwa. Alikwenda pale na zawadi, akarudi nayo mkononi.

Siku mbili simu haikulia. Siku ya tatu Riboni alikuwa akipiga pasi kitambaa, ikaita. Jina lilikuwa bado "Mpenzi", hakuwahi kupata ujasiri wa kulifuta.

"Riboni."

"Sema."

"Umekula?"

"Umenipigia kuuliza chakula?"

"Hapana." Akakohoa. "Nimefikiria maneno yako ya kamba. Ni kweli. Nilifanya makusudi."

Riboni akasimamisha pasi juu. "Rudia."

"Nilijua ukichukua vitambaa tu, huwezi kufunika hata kiti kimoja bila kunipigia simu. Na mimi nikipigiwa, walau nitasikia sauti yako kila wikiendi. Sikutaka kukudhulumu, haki ya Mungu tena. Nilitaka tu usiweze kunisahau."

Riboni akakaa kitandani. Machozi yalimjia na kicheko kikamjia, hakujua kipi akitangulize. Mjinga huyu! Mjinga wake, mpenzi wake, mtu aliyempenda tangu siku ya turubai lenye matundu, naye hajui kupenda bila kufunga fundo.

"Sikiliza," akasema. "Mtu asiye na pa kwenda si mtu aliyekuchagua. Miaka yote hii, mimi na wewe hatujui kama niko kwako kwa kupenda au kwa sababu kila kitu umekishika wewe. Mimi nataka kujua. Wewe hutaki?"

"Naogopa jibu," Turubai akasema.

"Hata mimi naogopa. Jumamosi asubuhi, stoo. Tutagawa kama mama zetu walivyotufundisha kugawana nyama utotoni: wewe gawa, mimi nachagua."

Jumamosi Riboni alifika amevaa suruali kuukuu na kilemba, tayari kwa kazi. Alimkuta Turubai na fulana iliyoisha kola, na kwenye kivuli cha mlango ameketi wifi yake, dada mkubwa wa Turubai, mikono kiunoni hata akiwa amekaa.

"Wifi, nakupenda, lakini damu nzito kuliko maji," wifi akasema. "Nimekuja kuona mdogo wangu haibiwi."

"Karibu, wifi. Na macho uyafumbue vizuri."

Turubai akaanza kupanga. Alibeba viti, akavipanga mafungu mawili, meza zikafuata, kisha nguo, jasho linamtiririka. Alipomaliza akajifuta uso, akasema, "Chagua."

Riboni akazunguka mafungu. Hakuhitaji muda mrefu. Fungu la kulia lilikuwa na viti vipya vyote, vinang'aa. La kushoto, loo! Vya kuchechemea, vilivyopasuka migongo, meza yenye mguu wa kuungaunga. Turubai alikuwa anatazama pembeni, anapiga mluzi.

"Nachagua kushoto," Riboni akasema.

Mluzi ukakatika. "Kushoto? Hayo mabovu?"

"Ndiyo."

"Lakini lile la kulia ni... nilikuwekea..."

"Nilijua. Umenipa zawadi tena. Sitaki. Gawa upya, la sivyo naondoka na mabovu yangu na kila mtu mjini ataona ulivyomgawia mkeo."

Wifi akainuka kwenye kigoda. "Ama kweli nimezaliwa tumbo moja na bwege! Nimekuja kukulinda usiibiwe, kumbe unajiibia mwenyewe! Mwenzio anataka haki, si pole. Panga vizuri, mtoto wewe!"

Akapanga tena. Safari hii kila kizima kilipata mwenzake upande wa pili, kila kibovu kikapata ndugu yake. Pikapu ikawekwa upande mmoja. Upande wa pili yakawekwa cherehani, jenereta na mahema mawili, hadi wote watatu wakakubali kwamba mizani imekaa. Riboni alizunguka, akarudi, akapima kwa jicho, akashindwa kujua lipi zuri zaidi. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hata sijui nichague lipi," akasema.

"Hata mimi sijui ningependa uniachie lipi," Turubai akajibu, na akashangaa kwamba ni kweli.

Riboni akachagua lenye cherehani. Wakapakia pamoja, wakagongana viwiko, wakaombana radhi kama wageni. Riboni alipoinua mkono kumpokea kiti, Turubai alisikia harufu ya mafuta ya nywele zake, akakishikilia kiti kile zaidi ya ilivyohitajika.

"Kiachie," Riboni akasema polepole. "Ni changu."

"Ni chako," akakiri, akakiachia. "Hema kubwa nitaliuza. Lilipe deni lake lenyewe. Safari hii nakuuliza kabla: unaona ni sawa?"

Riboni akakiweka kiti chini. "Ni sawa," akasema. "Asante kwa kuniuliza."

Wiki moja baadaye wakarudi kwa wakili. Mkopeshaji alikuwa amekubali, lile deni la pamoja likakatwa nusu kwa nusu, kila mmoja na jina lake. Mezani palikuwa na karatasi mbili: mkataba wa mgawo, na ombi la talaka. Riboni alikuwa na viti vyake kwenye stoo aliyoikodi mwenyewe, deni lake, na harusi ya kwanza aliyoipata peke yake. Akausaini mkataba wa mgawo. Turubai naye akasaini.

Wakili akaisogeza karatasi ya pili. "Na hii."

Riboni akaishika. Akamtazama mumewe: shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, macho mekundu ya mtu asiyelala, midomo imefumbwa akijizuia kusema chochote ili asije akaamua tena kwa niaba yake. Na hilo ndilo lililommaliza.

"Leo sina shida na wewe hata ya kiti kimoja," akamwambia. "Nimejaribu wiki nzima kutafuta sababu ya kukupigia, nikakosa. Pikapu nimekodi. Watu wa kubeba ninao. Na bado kila jioni nimeishika simu." Akaiweka karatasi mezani. "Nakutaka, baba. Basi tu, nakutaka."

Turubai akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Alipofunua, machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Na mimi nakutaka, mama. Mheshimiwa, tuzichane. Zote mbili, turudi kama zamani!"

"Wee!" Riboni akauzuia mkono wa mumewe juu ya mkataba wa mgawo. "Huu hauguswi. Kama zamani sirudi ng'o. Chako chako, changu changu, na deni langu nalipa mwenyewe."

Kisha akalichukua ombi la talaka, akalichana katikati, na nusu moja akampa mumewe amalizie.