Nzuri, Ila

Mlazaji, mashine ya kulaza wagonjwa, alimnyanyua Bi Mwanahija taratibu kama anyanyuliwavyo mtoto mchanga, akamgeuza kifudifudi, akampandisha mikono juu ya kichwa. Vishikizo vyake kumi na viwili vya mpira laini vilipapasa mabega na nyonga, vikapima mfupa upi unaegemea wapi, kisha vikatulia. Kwa saa tatu mwali wa tiba ungechoma uvimbe uliojibanza kwenye uti wa mgongo, na mgonjwa, akiwa macho, hakutakiwa kutikisika.

Kila baada ya dakika kumi Mlazaji aliuliza kwa upole, "Habari za mikono, mama?"

"Nzuri, mwanangu."

"Asante," akajibu Mlazaji.

Uvimbe ulikufa, tena vizuri. Lakini Bi Mwanahija aliposhushwa, mkono wake wa kulia ulining'inia. Mishipa ya fahamu ya kwapani ilikuwa imevutwa mno. Jamani, huyu alikuwa msusi! Jiji zima la Ngomeni Mpya lilikuwa na mashine za kusuka nywele, na bado wanawake walivuka vitongoji vitatu kuja kukaa mbele ya magoti yake.

Siku ya tatu, kamati ya hospitali ilimpa Zamda Sheiza, mhandisi aliyemuunda Mlazaji, ripoti ya kutia sahihi: *Mgonjwa aliulizwa mara kumi na nane. Hakulalamika.* Sahihi hiyo ingempeleka Mlazaji kwenye hospitali nyingine arobaini. Zamda, kwa kuwa hakuwa mtu wa hila, alikwenda kwanza wodini.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za mkono?"

"Nzuri."

Zamda akainamia ripoti yake. Muuguzi Sekunda, aliyewalaza wagonjwa kwa mikono yake miaka ishirini kabla ya kuletewa mashine, akamkanyaga mguu makusudi. Zamda akanyamaza. Kimya kikakaa, kikakaa tena.

"Ila siusikii," akasema Bi Mwanahija. "Tangu siku ile. Kama si wangu."

Walipotoka wodini Sekunda alimgeukia. "Injinia, wewe umelelewa wapi? Mtu mzima ukimuuliza habari, hata kama ndani ana maiti, ataanza na nzuri. Hiyo ni adabu tu. Habari yenyewe inakuja baadaye, ukiwa na subira."

Zamda alijua kosa lilikuwa la nani. Katika majaribio wagonjwa walikuwa wakinong'ona dua zao, na Mlazaji akazidhani amri, akawasogeza mwali ukiwa unawaka. Basi yeye mwenyewe akaamuru sikio la mashine lijifunge mara tu jibu linapopatikana. Neno moja, basi.

Alifungua kumbukumbu ya picha ya siku ile. Sauti haikuwepo baada ya kila "nzuri", lakini kamera iliyo chini ya tundu la kitanda, pale mgonjwa anapoweka uso, haikuwa imefungwa. Aliiona midomo. Mlazaji alisema asante, na midomo ikaendelea. Mara ya pili, ya tano, ya tisa. Kufikia ya kumi na moja aliweza kuisoma bila shida: *ila mkono wa kulia unaniuma, mwanangu, ila umekufa ganzi.* Mara zote kumi na nane. Zamda alilia pale pale kwenye kiti, bila kujificha.

Ripoti aliirudisha bila sahihi, na juu yake akaandika kwamba Mlazaji asimlaze mtu mwingine yeyote. Kisha akarudi wodini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bi Mkubwa, uliyosema yote hayakusikika. Sikio nililifunga mimi. Nisamehe."

Bi Mwanahija alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Hayakusikika?" aliuliza. "Mbona kila nikijibu niliambiwa asante? Mimi nikajua mmesikia, mwanangu. Ndiyo maana nikatulia."