Nyasi za Uwanja wa Ndege

Kila asubuhi, baada ya chai na kipande cha mkate, Burul alimtoa ng'ombe wao Akbash zizini. Mama alimwagiza ampeleke kilimani, ng'ambo ya mfereji, mwendo wa saa nzima. Lakini Burul, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa mvivu wa miguu. Kwa wiki tatu sasa alikuwa akiishia karibu tu, kwenye uwanja wa zamani ambako ndege ndogo zilikuwa zikijazwa dawa ya kunyunyizia pamba. Waya za uzio ziliibwa kitambo zikawa mabanda ya kuku. Nyasi zilifika magotini. Burul alijilaza akisoma kitabu, Akbash akala mpaka akachoka.

Maziwa yakaongezeka. Bibi Uulkan akawatambia majirani kwamba mjukuu wake anajua kuchunga kuliko wanaume wa kijiji kizima. Burul alizipokea sifa hizo akiangalia chini.

Siku ya sherehe ya kumlaza mdogo wake mchanga kwenye susu, kitanda cha kubembeza mtoto, Burul alikwenda uwanjani mapema ili awawahi wageni. Alimkuta Toktosun, daktari wa mifugo, amevaa glavu ndefu, akipigilia ubao wenye picha ya fuvu. Kando yake gunia lililooza lilikuwa limetokeza ardhini, likivuja unga mweupe.

"Mtoe huyo ng'ombe. Umeshamleta hapa mara ngapi?"

"Leo tu," Burul akadanganya.

Toktosun alitazama kinyesi kikavu kilichotapakaa kila mahali, asimbishie. Akamweleza kwamba unga ule ni dasti, dawa ya wadudu iliyozikwa pale kabla mama yake hajazaliwa, na mvua za miaka yote hiyo hazijaimaliza. Vumbi lake hushika nyasi, ng'ombe akazila, sumu ikatokea kwenye maziwa.

"Tukiyachemsha je?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Hii si kijidudu, binti yangu. Inakaa kwenye mafuta, kwa hiyo malai, yale mafuta yanayoelea juu ya maziwa, ndiyo mabaya zaidi. Haimwangushi mtu leo. Inajikusanya mwilini miaka na miaka, na mtoto mchanga ndiye wa kuhofiwa kuliko wote."

Burul akawakumbuka mama yake na mtoto. Bibi alikuwa amemwekea Mama bakuli zima la malai, ale siku hiyo ili apate maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Akaikamata kamba ya Akbash na kukimbia.

Nyumbani, wanawake walikuwa wameketi kuzunguka chakula. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye susu la mbao la ukoo, lililoshushwa darini jana yake. Mama alikuwa na bakuli mkononi, kijiko kinakaribia mdomo.

"Mama, usile."

Wanawake wote wakageuka kumtazama. Burul alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikumpeleka Akbash kilimani. Nimemlisha uwanja wa ndege wiki tatu. Kuna dasti pale, na daktari anasema ni sumu, hasa kwa mtoto mchanga."

Mama aliweka bakuli chini, uso umemsawijika. Burul akangojea kofi. Halikuja, maana Bibi alikuwa ameinuka ghafla, akawapita wageni na kuanza kufungua mikanda ya susu.

"Mama, unafanya nini?" Mama akamuuliza Bibi, mkwewe.

"Kila mwaka nilinyunyiza dasti kwenye hili godoro, nondo wasilile. Kopo liko darini. Jana nililikung'uta nikaona inatosha." Akamkumbatia mtoto kifuani. "Utotoni tulipakwa kichwani kuua chawa. Mimi nilijua ni dawa tu."

Alasiri Toktosun alikuja na pipa lenye mfuniko, akachukua kopo, godoro na malai. Akaagiza maziwa ya Akbash yasinywewe na yeyote, hata ndama, mpaka yapimwe, na huenda ikachukua miezi. Muuguzi alimwosha mtoto, akamwambia Mama aendelee kumnyonyesha bila hofu, maana faida ya maziwa yake inazidi hatari ya wiki tatu. Burul alipewa adhabu yake: kukata nyasi za kilimani kila siku na kuzibeba mgongoni.

Bibi alimfuata mlangoni akamshika bega.

"Sisi tulizika dasti tukadhani imekwisha. Wewe umeficha lako wiki tatu, nami nimekaa na langu darini bila kujua miaka arobaini. Ungenyamaza leo kwa kuogopa aibu, mdogo wako angelala juu ya sumu mpaka aanze kutembea. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku hiyo hiyo, hata nyumba ikiwa imejaa wageni."

Burul aliitikia, akachukua mundu, akashika njia ya mfereji.