Dakika Nne za Kitanda cha Sita

Kile kisanduku cheupe cha mtandao wa wifi kwenye dari ya wodi ya moyo, ghorofa ya nne, kilikuwa na tabia ya kipuuzi: kila siku saa nane mchana kilikata. Mashine za wagonjwa kumi zilituma mapigo ya moyo kupitia hapo mpaka kwenye skrini ya manesi, na kengele ya hatari ililia hukohuko. Kikikata, skrini inabaki tupu. Dawa yake ilijulikana. Fundi mkuu, mzee waliyembandika jina la Zimawasha, alikizima, akakiwasha, na baada ya dakika nne mambo yakarudi. Miaka mitatu mfululizo. Sasa hiyo nayo ni kazi, jamani?

Fundi mpya, mwanamke asiyemung'unya maneno, alichukizwa na mchezo huo tangu siku ya kwanza. Wiki hiyo alikuwa na sababu kubwa zaidi. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa kitanda cha sita, chini ya kisanduku chenyewe.

Asubuhi alipanda ngazi akikague. Kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Akafungua orodha ya vilivyounganishwa: mashine kumi, na kitu cha kumi na moja kisicho na jina. Akakifuta, kikarudi. Kisha ndani ya dari kitu kikakwaruza taratibu, kikianzia kitanda cha kwanza mpaka cha sita, na hapo kikatulia.

Akamfuata Zimawasha ofisini. "Shikamoo, mzee wangu. Programu mpya ya visanduku ipo tangu mwaka juzi. Kwenye orodha ya marekebisho wameandika wazi kwamba ugonjwa wa kukatika muda uleule umetibiwa. Mbona hatujaiweka?"

"Marahaba." Mzee akafunga mlango kwanza. "Nilijaribu, mwanangu. Kuna aliyemo mle. Aliniambia nisithubutu. Alichotaka ni kuzimiwa kila siku tu, basi nikamzimia. Wewe unadhani mimi napenda?"

Fundi hakumcheka. Alikwenda kwa sista wa zamu, na sista akajibu huku akiangalia dari. "Kitanda cha sita sisi hatukitaki. Wagonjwa wake wanaondoka saa nane. Skrini ikirudi, mtu ameshapoa."

Hapo fundi akaelewa. Kumbe miaka yote mitatu hawakuwa wakimtuliza yule kiumbe. Walikuwa wakimpakulia. Kila siku walimpa dakika nne ambazo hakuna jicho juu ya mgonjwa yeyote, na siku akiwa na njaa, alichukua mtu.

Ubaya ni kwamba programu mpya nayo haiingii mpaka kisanduku kizimwe, tena dakika tisa.

"Utamuua mama yako kwa mkono wako," alisema Zimawasha.

"Anakula pasipo na anayeangalia. Leo tutaangalia."

Saa nane kasorobo alikuwa amekusanya manesi watatu, mfagiaji, dereva wa gari la wagonjwa na ndugu watatu waliokuja kuona watu wao. Kila mmoja alipewa kitanda, vidole kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, ahesabu mapigo kwa sauti. Yeye alikaa na mama yake, kompyuta mapajani. Kitanda cha kumi kilibaki bila mtu. Zimawasha alisimama mlangoni, jasho likimtoka.

"Mzee, usinisimamie hapo. Shika mkono wa mgonjwa."

Akaja. Akashika mkono wa mgonjwa wa kitanda cha kumi.

Fundi akabonyeza. Taa ya kisanduku ikazimika, harufu ya udongo ikashuka mpaka kwenye mashuka, na ule mkwaruzo ukaanza tena juu yao, ukienda na kurudi, ukisimama juu ya kila kitanda kana kwamba unatafuta mkono mmoja uliolegea, ukipita juu ya mfagiaji aliyehesabu huku analia, juu ya dereva aliyefumba macho lakini hakuachia, mpaka ukafika kitanda cha sita, na hapo sauti nzito ya mtu mwenye kinywa kilichojaa ikasema karibu kabisa na sikio la fundi, "Nipe dakika zangu."

Mapigo chini ya vidole vyake yakaruka moja. Yakaruka mawili.

"Una dakika gani wewe?" alisema, na hakushusha sauti. "Hizi ni za mama yangu. Sikupi hata moja. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja."

"Mwanangu," mama alinong'ona, "unaniminya."

"Vumilia, mama. Sikuachii."

Dakika ya tisa taa ikawaka kijani. Kwenye orodha kulikuwa na mashine kumi. Kumi tu. Zimawasha alikaa sakafuni, mkono wa mgonjwa wake bado mkononi, akalia waziwazi. Alijua ni watu wangapi waliochukuliwa miaka yote ile.

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, jengo la pili.

"Fundi, samahani. Kisanduku chetu kimekata sasa hivi, na humu kunanuka udongo. Tuzime tuwashe?"

Fundi alikuwa ameshabeba ngazi.

"Usikiguse. Weka mtu kila kitanda, washike mikono ya watoto, wahesabu. Na mwambie aliyemo humo kwamba nakuja."