Alama Kwenye Sabuni

Mtaani kwetu hapo alikuwepo fundi wa funguo ambaye watu wote walimwita Kufuli. Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua wachache. Alifanya kazi kwenye kibanda cha bati, katikati ya kinyozi na duka la rangi. Mbele yake alifunga jiliwa la kubania chuma, na pembeni alipanga tupa zake za kukwangulia, kubwa kwa ndogo. Hakuwa na mashine. Alichonga funguo kwa mkono, jicho moja amelifumba, ulimi ameutoa kidogo pembeni ya mdomo.

Kufuli alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Hakuchonga ufunguo mpaka amjue mwenye mlango. Hapo alikuwa haambiliki.

Asubuhi moja alikuja bwana mmoja aliyejipulizia manukato mengi, shati limepigwa pasi likasimama. Akatoa mfukoni kipande cha sabuni. Juu ya sabuni kulikuwa na alama ya ufunguo, meno yote yanaonekana.

"Fundi, nichongee kama huu."

"Ufunguo wenyewe uko wapi?"

"Umepotea."

"Ulipotea kabla ya kukandamizwa kwenye sabuni, au baada?"

Yule bwana akacheka kicheko kikavu. "Wewe chonga tu, fundi. Nitakulipa mara mbili."

Kufuli akamrudishia mali yake. "Sabuni ni ya kuogea, bwana. Nenda kaoge."

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine, asije akamharibu mteja kichwa. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Watu walimpenda Kufuli kwa mambo kama hayo. Walimwachia funguo za nyumba zao wakaenda zao bila wasiwasi. Kwa fundi wa funguo, jina zuri ndilo duka lenyewe. Likichafuka, nani atampelekea ufunguo wa chumba anacholala?

Siku hizo Kufuli alikuwa na furaha yake ya siri. Mama mmoja aliyejenga nyumba ya vyumba vya kupangisha nyuma ya soko alikuwa amemwahidi kazi ya vitasa vyote. Kila mlango kitasa, kila mpangaji funguo zake. Kazi kama hiyo haiji kila mwaka. Kufuli akaanza kuota mashine ya kuchongea funguo. Kwa tupa, vidole vingekufa ganzi kabla hajafika nusu ya vyumba.

Mchana wa siku ile ile ya sabuni, wateja walipopungua, alifungua simu yake. Likatokea tangazo. Mkopo wa papo hapo! Bila dhamana! Bila mdhamini!

"Hee," Kufuli akasema peke yake. "Hawa wamenisikia nikiota?"

Akabonyeza. Programu ikaingia kwenye simu. Ikaomba ruhusa ya kuona majina na namba za watu wake wote. Akaruhusu. Ikaomba picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Akapiga. Ikaomba picha yake mwenyewe ameshika kitambulisho karibu na uso. Akajifuta jasho, akachana nywele, akatabasamu. Ungedhani anapigwa picha ya harusi.

Baadaye akapigiwa simu na mtu aliyejiita afisa mikopo. Sauti yake ilikuwa tamu.

"Mzee wangu, hongera! Mkopo umepita. Tuma ada kidogo ya bima, halafu utusomee zile namba sita zilizoingia kwenye simu yako."

Kufuli akatuma ile ada. Akasoma zile namba moja moja, kwa sauti, kama mtoto anayesomea mwalimu. Chini ya namba kulikuwa na maneno: usimpe mtu yeyote. Hakuyaona. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso.

Hakumwambia mkewe. Alitaka kumshtua kwa furaha mashine itakapofika. Jamani, alimshtua kweli.

Kesho yake asubuhi kinyozi alikuja mbio, macho mekundu. Akamkuta Kufuli amekaa na tupa yake, ana kikombe cha chai.

"Kufuli! Umetoka lini?"

"Nimetoka wapi?"

"Hospitali! Si umelazwa?"

"Nimelazwa na nani? Angalia basi, mgonjwa gani anachonga funguo?"

Kinyozi akamwonyesha simu. Ujumbe ulitoka kwa Kufuli, na picha yake ikiwa pale juu: "Ndugu yangu mpendwa, nimelazwa ghafla. Naomba unisaidie chochote kwa namba yangu hii mpya."

"Na wewe ukatuma?" Kufuli akauliza.

"Nisitume wewe unakufa? Na nilipotuma lilitokea jina lako kabisa, lile la kwenye kitambulisho. Ningejuaje?"

Mkewe Kufuli alikuwa anafika na sahani ya kifungua kinywa. Aliyasikia yote.

"Yaani umelazwa hata mkeo sijui?" akasema. Kisha akamtazama mumewe usoni, utani ukamwisha. "Mume wangu, umefanya nini?"

Kufuli akaeleza. Alieleza akiangalia chini, na kila alipofika mahali pa aibu aliuzungusha ufunguo mkononi. Akafungua simu ili awajibu watu kwamba yu mzima. Haikuwezekana. Alikuwa ametolewa kwenye akaunti yake mwenyewe ya ujumbe.

Wateja wake wote walikuwa kwenye simu ile. Mama mwenye vyumba naye alikuwemo.

"Watasema mimi ndiye tapeli," akasema. "Watasema, kama anatuomba pesa kwa uongo, funguo zetu je? Mke wangu, nimekwisha."

"Hujaisha. Kaa hapo. Usimjibu mtu, usitume kitu." Mkewe akaweka sahani, akaondoka kwa miguu ya haraka.

Alirudi na jirani yao, Mama Pacha. Mama Pacha alifanya kazi kwenye kaunta ya kampuni ya simu, na siku hiyo zamu yake ilikuwa ya mchana. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaisoma simu ya Kufuli taratibu, hakumcheka wala kumkemea.

"Shemeji," akasema, "nimesikia jana ulimfukuza mtu mwenye sabuni."

"Mama Pacha, sasa hivi si wakati wa hadithi ya sabuni."

"Ndiyo wakati wake. Kwa nini ulimfukuza? Hakuwa na ufunguo. Alikuwa na alama tu."

"Alama inatosha! Ukinipa alama safi, nakuchongea ufunguo unaofungua mlango ule ule. Mlango haujui nani ameushika ufunguo."

"Sawa. Na picha ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, na uso wako pembeni?"

Kufuli akaweka tupa mezani polepole.

"Nimewapa sabuni," akasema.

"Umewapa. Kwa picha zile wamesajili laini kwa jina lako. Ndiyo maana kinyozi aliona jina lako. Wanaweza hata kukopa kwa jina lako, deni likakutafuta wewe. Na zile namba sita ndizo zilizowafungulia akaunti yako. Hizo hapewi mtu, shemeji. Hata akisema anatoka benki. Hata akisema anatoka kwetu kampuni ya simu. Sisi hatuziulizi."

"Lakini walinipigia kwa heshima! Mzee wangu, mzee wangu…"

"Ulitaka wakupigie kwa matusi?" mkewe akasema, na kinyozi akashindwa kujizuia kucheka. Hata Kufuli akacheka kidogo.

"Ningewajuaje?" akauliza.

"Walijitambulisha wenyewe," Mama Pacha akasema. "Mkopeshaji anakupa pesa. Huyu alianza kwa kuchukua yako. Ukiona mtu anataka utume ada ndipo akukopeshe, kimbia. Tena, mkopeshaji wa kweli ana kibali cha serikali. Unauliza kabla ya kumpa chochote, hata jina. Na kwa nini programu ya mkopo itake namba za watu wako? Mkopo ni wako, si wa kinyozi."

"Kweli kabisa," kinyozi akasema. "Mimi wamenikopa bila kuniuliza."

Kufuli akaishika simu. "Basi nafuta kila kitu. Sitaki hata kuuona ujumbe wao."

"Usifute!" Mama Pacha akamshika mkono. "Huo ndio ushahidi. Piga picha ya kila ujumbe na kila namba kwanza. Programu tutaiondoa baadaye. Sasa simama, twende. Huu si wakati wa kukaa na aibu."

Kabla hawajaondoka, mkewe Kufuli aliwapigia wateja kwa simu yake mwenyewe, wale aliokuwa na namba zao. Kinyozi naye alimweleza kila aliyeingia kunyolewa. Kufuli alikwenda na Mama Pacha ofisi ya simu. Pale waliangalia laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mbili hakuzijua. Zikafungwa mbele ya macho yake. Walimsaidia kuirudisha akaunti ya ujumbe, na safari hii akaiwekea namba ya siri ya pili, aliyoichagua mwenyewe, iwe kichwani mwake tu.

Kutoka hapo alikwenda kituo cha polisi kutoa taarifa. Aliona haya kueleza. Askari wa zamu akaandika bila kushangaa, akampa namba ya kumbukumbu ya taarifa yake.

"Itunze hii," akamwambia. "Deni lolote likija kwa jina lako, ndiyo ngao yako. Ipeleke pia kwa taasisi inayotunza kumbukumbu za mikopo, waangalie kama umekopewa."

Kufuli akaipeleka huko, wakaangalia. Palikuwa na ombi moja la mkopo, bado halijapita. Likazuiwa. Kufuli alitoka nje, akavuta pumzi ndefu, akahisi njaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Jioni alimrudishia kinyozi pesa yake. Kinyozi alikataa, wakavutana, mwisho akapokea nusu na kuapa kwamba nusu nyingine ni ya kumshukuru Mungu kwa kuwa rafiki yake hakulazwa.

Ilibaki habari ya mama mwenye vyumba. Alikuja mwenyewe siku iliyofuata, mkoba kwapani, uso umekaza.

"Fundi, nimepata ujumbe wako wa hospitali. Halafu nikaambiwa si wako. Mimi naweka wapangaji mle, na watoto wao. Nitawezaje kukuachia funguo za nyumba nzima?"

Mkewe Kufuli, aliyekuwa anafagia mbele ya kibanda, akaacha kufagia. Kazi ile ndiyo ilikuwa inaondoka, na jina likifuatana nayo.

Kufuli alisimama. "Mama, sitakudanganya. Niliwapa picha ya kitambulisho na namba za siri, kwa tamaa ya mashine. Nimetoa taarifa, nimezifunga laini zao. Lakini kosa nililifanya mimi, na uamuzi ni wako."

Ndipo simu ya Kufuli ikalia, namba ngeni. Kufuli akaipokea, akaiweka kwenye sauti ya wazi, akailaza kwenye jiliwa.

"Mzee wangu, habari ya leo?" Ilikuwa sauti ile ile tamu. "Hapa ni kampuni yako ya simu. Tunarekebisha akaunti yako iliyoingiliwa na matapeli. Kuna namba sita zimeingia sasa hivi. Nisomee tu, tuwafungie hao wezi."

Mama mwenye vyumba akamtazama Kufuli. Mkewe alikuwa ameukamata ufagio kwa mikono miwili. Kufuli akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa vizuri, akausoma ujumbe wote mpaka mwisho, kimya kimya.

"Nimeziona, kijana. Lakini kwanza nikuulize. Una sabuni hapo ulipo?"

"Sabuni? Sabuni ya nini, mzee?"

"Ya kuogea. Nenda kaoge."

Akakata simu. Akazuia ile namba, akaipiga picha kwa ajili ya polisi. Kwenye kibanda cha pili kinyozi alipiga yowe la furaha, na mama mwenye vyumba akacheka mpaka mkoba ukamponyoka.

"Basi, fundi," akasema akijifuta macho. "Aliyemjibu mwizi hivyo, nimwogope ya nini? Anza kazi." Kisha akashusha sauti. "Na uniongezee kitasa kimoja kidogo. Cha droo."

"Droo ya nini, mama?"

"Nakala za vitambulisho vya wapangaji wangu. Ziko mezani koridoni, kila apitaye anazipitia. Sijawahi kuzifikiria."

"Andika juu ya kila nakala kwamba ni ya kupanga chumba kwako tu, na tarehe," Kufuli akasema. "Ndivyo Mama Pacha alivyonifundisha. Isiweze kutumika kwingine."

Funguo za vitasa vile alizichonga zote kwa tupa, vidole vikafa ganzi kweli, mkewe akawa anamkanda kwa maji ya moto na kumcheka. Malipo yalipokuja, wakanunua mashine. Ilikuwa imetumika, ina mlio wa kulalamika, lakini inakata vizuri na haina deni la mtu.

Siku ya kwanza ya kuiwasha, mtaa ulijaa pale kibandani. Mkewe Kufuli akajipenyeza mbele, akashika kiuno.

"Haya, baba watoto. Namba ya siri ya simu yako ni ipi?"

Kufuli akamtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. "Mke wangu, kuna kipande cha sabuni pale dirishani."

Watu walicheka mpaka mlio wa mashine haukusikika tena. Mkewe alicheka kuliko wote, akachukua kweli ile sabuni, akaenda kunawa mikono, chakula kikapakuliwa.